Mtu wa Koti la Manjano

Nilikuwa nimefika dakika ya sabini na moja. Kalamu ya bluu mkononi, kalamu nyekundu sikioni, na kompyuta nimeisimamisha pale ambapo maiti mia tatu wanapanda ukuta kama watu waliosikia mbolea ya serikali imefika.

"Hapo wanasema nini?" Kajuju akauliza. Alikuwa upande wa pili wa meza, anachambua njahi, yale maharagwe yetu meusi.

"Hawasemi kitu. Ni maiti."

"Na wewe umeandika mistari minne."

"Siwezi kunyamaza dakika mbili nzima. Watu hawaji kusikiliza kimya."

Akaegemea mbele, akatazama skrini. "Wafu wa siku hizi wana mbio kukushinda," akasema, akarudi kwa njahi zake.

Kajuju ni mke wangu. Kwa yule anayenisoma leo mara ya kwanza, mimi naitwa Riungu, na kazi yangu ni kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Kimeru katika banda la video lililo nyuma ya bucha, hapa Nkubu. Napunguza sauti ya filamu, nashika maiki, nasema wanachosema. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, iliyoanzia herufi C. Maneno ya A na B mpaka leo huwa nayakisia.

Mwezi uliopita nilikiri habari ya zile spika kutoka Kianjai zilizonasa mahubiri ya redio katikati ya busu. Juma lililopita nikakiri jinsi mbuzi alivyokula sponji ya kiti cha mbele, na mwenye kiti akiwa bado amekikalia. Nilidhani hayo ndiyo mabaya niliyoandikiwa mwaka huu.

Nilikosea. Mabaya yalikuwa kwenye hii filamu.

Inaitwa Geti Kumi na Moja. Ni sehemu ya sita, na wamesema wenyewe ndiyo ya mwisho. Mji umefungwa kwa kuta, una mageti kumi, maiti wamejaa ndani, na kila mtu anatafuta geti la kumi na moja ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kuna mwanamke mwenye panga mbili ambaye banda langu lilimbatiza Kendi tangu sehemu ya kwanza, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa linaanza na A. Miaka kumi na minne tumekuwa naye.

Nimekuwa nikiingoja hii sehemu kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Unataka kujua, na hutaki.

Mwisho wenyewe, nikiwa mkweli, ni wa ovyo. Dawa iliyotafutwa miaka kumi na minne inatupwa hewani, upepo unavuma, na maiti wote wanalala chini kwa dakika nne, kama wanakamati walioambiwa hakuna chai. Nilikasirika. Nikairudia. Nikakasirika tena.

Lakini Kendi anapofungua geti, na nje hakuna jeshi wala mji mwingine, ni nyasi tu na ng'ombe mmoja anayemtazama, nilivua miwani nikaifuta mara mbili.

"Unalia," Kajuju alisema.

"Ni njahi."

"Njahi hazilizi mtu, Baba Mwenda. Ni vitunguu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Nusu nafurahi imekwisha, nusu najiuliza Jumamosi nitakuwa nikifanya nini. Na katikati ya hizo nusu mbili kulikuwa na dakika ya tisini na saba, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nieleze polepole.

Mimi hutayarisha filamu kwa daftari. Bluu ni wanachosema. Nyekundu ni ninachosema mimi. Kwa kawaida nyekundu ni chache, kama pilipili. Lakini kwenye daftari la sehemu ya pili, kurasa mbili za mwisho ni nyekundu tupu.

Miaka kumi na miwili iliyopita, diski ya sehemu ya pili iliniletea aibu. Ilikuwa imekwaruzika. Ilipofika darajani, dakika kumi na tano kabla ya mwisho, ikaanza kukwama, ikawa vipande vya picha: daraja la kamba, watu arobaini juu yake, na mwanamume mwenye koti la manjano ameishika kamba. Kisha giza.

Huyo wa koti la manjano tulimwita Mukiri kwa kuwa hakuwa msemaji. Alikuwa amekosana na kundi la Kendi, hawakuwa wakisemezana. Banda lilikuwa limejaa. Watu wakageuka kunitazama.

Nikashika maiki, nikamaliza filamu kwa mdomo. Nikasema Mukiri ameishika ile kamba kwa mikono yake miwili, inamkata, damu inatiririka, na wale aliokosana nao wanapita mmoja mmoja. Akapita wa mwisho. Ndipo Mukiri akaachilia, akaanguka nayo.

Mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti nene. Alikuwa Rashid.

Rashid ndiye mwenye bucha, na ndiye mwenye banda. Kama Rashid hajafungua mlango wa nyuma, mimi sina kazi. Lakini si hilo lililonitia hofu Ijumaa. Rashid ana ndugu mmoja tu, Swaib, anayefuga mbuzi Ishiara. Wakati ule walikuwa hawajasalimiana miaka mitatu. Kesho yake baada ya filamu ile, Rashid alifunga bucha, akaenda Ishiara, wakapatana. Wamepatana hadi leo. Watoto wao wanajuana. Nyama ya mbuzi inayoliwa Nkubu, karibu yote imetoka kwa Swaib.

Miaka miwili baadaye nilipata diski nzima ya sehemu ya pili. Niliitazama peke yangu, kalamu ya bluu mkononi.

Mukiri hakuishika kamba ili watu wapite. Alikuwa ameishika ili aikate. Alitoa kisu, akaikata, watu arobaini wakaenda na maji, baba yake Kendi akiwa mmoja wao. Kisha akatia kisanduku cha dawa kwapani akaondoka anapiga mluzi.

Wakati huo nilikuwa nimeshasimulia sehemu ya tatu, ambamo mtu huyo anarudi, sura ileile, anacheka. Nilikuwa na saa moja ya kutayarisha. Nikaliambia banda huyo ni pacha wake. Nikamwita Njoka.

Miaka yote hiyo wamemlilia Mukiri na kumtukana Njoka. Mtu mmoja.

"Umeua mtu," Kajuju aliniambia Ijumaa nilipomsomea haya yote kutoka kwenye daftari, "ukamzalia pacha, sasa unataka kumfufua. Hata padri hajafika huko."

"Dakika ya tisini na saba wanaonyesha tena daraja. Lote. Uso wake, kisu, kamba. Halafu Kendi anamwambia, ulikuwa wewe."

"Basi sema alikuwa yeye."

"Rashid je?"

Kajuju akatoa jiwe kwenye njahi, akaliweka kando. Wakati huohuo Rashid mwenyewe alikuwa akibisha.

Aliingia na maini yamefungwa kwenye gazeti. Rashid ni mtu mkubwa anayekaa kwenye kiti kana kwamba anakiomba ruhusa.

"Mwalimu, hujambo. Mama Mwenda, hujambo. Nimewaletea kitu kidogo."

"Asante, Bwana Rashid. Karibu chai."

"Sikai." Akakaa. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Mukiri wetu wanamkumbuka humu? Hata picha tu ukutani?"

Kajuju akainama kabisa juu ya njahi.

"Anakumbukwa," nikasema. Huo haukuwa uongo.

"Alhamdulillahi. Kwa sababu Swaib anakuja kesho. Nimemwambia, hii ya mwisho tutaitazama bega kwa bega." Akavuta kiti karibu. "Sijawahi kukueleza nilimwambia nini siku ile Ishiara."

"Hujawahi."

"Mimi si mtu wa maneno. Nilisimama mlangoni kwake, kofia mkononi, nikasema, Swaib, umemwona yule wa koti la manjano pale darajani? Akasema ndiyo, wameiona huko kwao. Nikamwambia, basi yule ni mimi. Nisamehe." Akaifuta meza kwa kiganja, na meza ilikuwa safi. "Nilimaanisha niko tayari kushika kamba mpaka mikono ikatike, yeye na watoto wake wapite. Akalia, mwalimu. Swaib, ambaye hakulia hata tulipomzika mzee."

Alipoondoka, Kajuju alisubiri mpaka hatua zake zikaisha uani.

"Hayo maini," akasema, "wewe ndiye utakayeyapika. Mimi siwezi kuyatazama."

Nilikaa na daftari siku nzima. Nikagawa ukurasa mara mbili, bluu kushoto, nyekundu kulia. Upande wa bluu niliandika ukweli. Upande wa nyekundu niliandika kwamba Njoka alilivaa koti la marehemu pacha wake, akaenda kwenye daraja jingine. Lilikuwa wazo bovu, lakini nimesimulia mabovu zaidi ya hayo na watu wakapiga makofi.

Nilikuwa karibu kuamua nyekundu.

Jumamosi saa saba nilikuwa bandani nafunga nyaya. Rashid alikuwa mbele, anawakatia watu nyama. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mtu mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina na viatu vyenye vumbi la Ishiara.

"Wewe ndiye ile sauti?" akasema. "Mimi Swaib. Nilidhani utakuwa mnene."

"Wengi hudhani hivyo."

"Ndugu yangu akija kuchukua mbuzi ni Riungu amesema hivi, Riungu amesema vile. Sasa niambie. Yule mshenzi wa koti la manjano yumo humu?"

Waya ukaniponyoka.

"Mshenzi?"

"Si ndiye aliyekata kamba? Watu arobaini, na yeye anapiga mluzi. Mimi niliiona kwetu, kwa mwenye duka la simu. Haikuwa na msimulizi, maandishi tu chini. Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Yule mshenzi namshukuru sana." Akakaa kwenye kile kiti kilicholiwa na mbuzi, akazama, akajirekebisha. "Unaujua ugomvi wetu na Rashid?"

Niliujua kidogo, kama mji wote. Baba yao, Mzee Suhail, alifia nyumbani, na saa ile Rashid peke yake ndiye aliyekuwa chumbani. Alipotoka aliwaambia watu kwamba mzee amesema bucha iwe yake, Swaib achukue mbuzi. Swaib hakuamini. Alisema mzee hawezi kusema hivyo. Hawakusalimiana tena.

"Mimi sikutaka bucha," Swaib akasema. "Mungu aninusuru na nzi wa nyama. Nilichotaka ni aseme tu kwamba alitunga. Miaka mitatu nikangoja. Halafu wiki ileile nimeiona hiyo filamu, namwona Rashid mlangoni kwangu na kofia mkononi. Ananiambia, yule wa koti la manjano, aliyefanya vile darajani, ni mimi. Nisamehe." Akatikisa kichwa. "Mwalimu, mtu mzima kujiita hivyo. Kwamba yeye ndiye aliyekata kamba. Nililia. Nikamsamehe palepale, na sijamrudishia hayo maneno mpaka leo. Mtu akishakiri mara moja, humkirishi tena."

Nikaketi juu ya spika.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kama nilivyotulia mimi. Rashid alikwenda Ishiara akimaanisha, mimi ndiye niliyeshika kamba. Swaib akasikia, mimi ndiye niliyeikata. Maneno ni yaleyale, na wote wawili walilia. Amani ya miaka kumi na miwili imesimama juu ya diski iliyokwaruzika.

Nikisoma nyekundu, Swaib atagundua kwamba ndugu yake hakukiri kitu. Nikisoma bluu, Rashid atagundua ni kosa gani alilosamehewa.

Na je, Mzee Suhail aliyasema yale maneno au hakuyasema? Sijui, na sitaki kumhukumu mtu. Aliyekuwa chumbani ni mmoja. Najua tu vile mtu aliye karibu na skrini kuliko wengine anavyoweza kusema kitu, na watu wakakibeba miaka.

"Umepauka," Swaib akasema. "Hujala?"

"Nimekula maini," nikasema.

Nilikuwa na saa moja. Mimi si hodari wa kuamua, lakini ni hodari wa kupanga. Nikachukua penseli. Adhana ya alasiri huanza saa tisa na dakika hamsini. Rashid hakosi swala hiyo, na leo asingemwacha mgeni wake nyuma. Dakika ya tisini na saba ikutane na adhana, basi filamu ianze saa nane na dakika kumi na tatu. Wakiwa msikitini nitawamalizia wengine dakika kumi na moja zilizobaki. Wakirudi nitamweleza kila mmoja kivyake mwisho anaouweza.

Ulikuwa mpango mzuri. Nauandika hapa kwa sababu hakuna pengine utakaposifiwa.

Saa nane banda lilijaa. Kwenye benchi la mbele alikaa Shosho Ciakuthii, bibi kizee aliyeolewa hapa kutoka upande wa Embu kabla sijazaliwa, na ambaye hajakosa sehemu hata moja. Nyuma yake Rashid na Swaib, bega kwa bega, karanga katikati.

"Mbona hatuanzi?" mtu akauliza.

"Waya," nikasema, nikiangalia saa.

"Waya gani? Nauona umeingia."

"Umeingia vibaya."

"Mwache," Shosho Ciakuthii akasema. "Ikianza mapema inaisha mapema."

"Kwani shosho hutaki iishe?"

"Nataka. Hiyo dawa nimeingoja miaka kumi na minne, nione kama inatibu na presha. Lakini pia sitaki."

"Na ikiisha Jumamosi utafanya nini?"

"Nitakufa kama watu wengine. Nilale chini nitulie, si hii ya kukimbia-kimbia na kuuma watu."

Saa nane na dakika kumi na tatu nikabonyeza.

Nimesimulia filamu nyingi, na sijawahi kusimulia vizuri kama jana. Naandika haya Jumapili alfajiri, na bado sauti imekauka. Maiti walipopanda ukuta niliwatangaza kama mbio za shule za msingi. Kendi alipopoteza panga moja, watu wa nyuma wakampa ushauri wote kwa pamoja. Njoka alipotokea kwa mara ya kwanza, Rashid alimtukana kwa Kimeru, na Swaib akamtazama ndugu yake kwa jicho la upole sana, kama mtu anayemwona mwenzake akijichapa.

Dakika ya tisini na sita, Kendi amemkamata Njoka kwa kola ya shati. "Nitazame," akasema, na mimi nikasema, "Nitazame."

Kisha daraja. Kamba. Koti la manjano.

"Ni yeye," Rashid akasema taratibu. "Mukiri wetu."

"Ni yeye," Swaib akasema.

Na adhana ikaanza. Saa tisa na dakika hamsini, wala si hamsini na moja. Ningeweza kumbusu muadhini. Nikasimamisha filamu.

"Bwana Rashid, ni alasiri."

"Ni kweli." Akainuka. Swaib akainuka. Nikaanza kupumua.

"Sasa ninyi nendeni," nikasema, "sisi tutamalizia hapa haraka tu, halafu mkirudi nitawaeleza."

"Umalizie nini?" Shosho Ciakuthii akageuka na benchi lake zima. "Riungu, wewe una akili? Miaka kumi na minne mwenye nyumba ametuwekea kiti, na dakika ya mwisho tule peke yetu?"

"Shosho, ni dakika kumi na moja."

"Hata ikiwa moja. Kesho. Saa nane. Nani hataki kesho?"

Hakuna aliyekataa. Nilizungusha macho banda zima nikitafuta mtu mmoja mchoyo. Walikuwa wote wanatikisa vichwa, tena kwa furaha, na nikaelewa. Hawakuwa na heshima hiyo yote kwa Rashid. Walikuwa wamepata siku moja zaidi. Kama si mimi niliye taabuni, ningefurahi kuliko wao.

"Kesho, basi," Rashid akasema. Alikuwa mlangoni, lakini alikuwa anatazama skrini. Picha ilikuwa imeganda pale nilipoisimamisha, na sikuwa nimeitazama mimi mwenyewe. Koti la manjano. Kamba. Na mkono wa kulia.

Rashid ni mchinjaji. Anaweza kusahau uso wa mtu, lakini si kisu.

"Ameshika kisu," akasema. "Kisu cha nini?"

"Adhana, Bwana Rashid," nikasema.

Swaib akamshika ndugu yake kiwiko, akacheka kidogo, kwa huruma. "Cha kamba, ndugu yangu. Si ulisema mwenyewe."

Wakatoka. Niliwafuata kwa macho kupitia mlango wa bucha. Walivuka barabara wakizungumza, kawaida tu. Walipofika katikati wakasimama. Bodaboda ikapiga honi, ikawazunguka. Rashid akasema kitu akiwa amekunja ngumi mbili kifuani, moja juu ya nyingine, kama mtu anayeshika kamba. Swaib akatikisa kichwa, akapitisha kidole hewani, mara moja, kama mtu anayekata.

Wote wawili wakageuka kunitazama.

Saa kumi na nusu Rashid alirudi peke yake. Nilikuwa nafagia maganda ya karanga, nimeyafagia mara tatu.

"Riungu," akasema. Hakuniita mwalimu. "Ndugu yangu anasema yule mtu alikata. Mimi namwambia alishika, maana nilikuwepo, nilimsikia Riungu kwa masikio yangu. Tumebishana mpaka imamu akatutazama."

"Bwana Rashid..."

"Ngoja. Swaib ameniuliza kitu. Anasema kama yule mtu alishika kamba, basi nikae chini nimweleze vizuri nilikuja Ishiara kumwambia nini." Akatazama mikono yake. "Sikuelewa swali. Halafu tukiwa tunatoka msikitini nikaanza kulielewa."

Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Diski ya sehemu ya pili unayo?"

"Ninayo."

"Ilete kesho saa nne, kabla ya watu. Tutaitazama mimi na yeye. Maiki usiwashe. Maandishi ya chini tutayasoma wenyewe."

Akafika mlangoni, akasimama.

"Kama alikata," akasema, bila kugeuka, "basi kuna jambo jingine la chumba cha mzee ambalo itabidi nimwambie ndugu yangu. Kama alishika, hakuna haja."

Akaondoka. Nyama ya mbuzi ilibaki imening'inia dukani mpaka jioni, hakuna aliyeikata.

Sasa ni asubuhi. Kajuju amewasha moto, njahi zimeingia sufuriani. Daftari la sehemu ya sita liko wazi mbele yangu, kushoto bluu, kulia nyekundu, na dakika kumi na moja ambazo sijazigusa. Kando yake kuna diski za sehemu ya pili.

Kajuju ameleta chai. Ametazama meza.

"Mbona ziko mbili?"

"Moja inafika mwisho. Nyingine inakwama darajani. Ikikwama mbele yao, sitaulizwa kitu. Ni diski mbovu tu."

"Ipi ni ipi?"

Nimezigeuza zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, na siku hizi zote zina mikwaruzo. Nimeziandika namba mbili kwa mkono wangu, kalamu ileile. Na ni saa mbili na nusu.